Mume wangu ameniambia niseme sisikilizi muziki

Shangazi, asalaam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29. Nimezaliwa na kukulia Makunduchi, nikaolewa mjini, na sasa tunakaa Kikwajuni. Mume wangu ni mtu mwema. Simlalamikii kwa chakula wala kwa nguo, wala mkono wake haujawahi kuniinukia, na naomba ulijue hilo kabla hujasoma mengine.

Yeye na muziki hawaachani. Ana santuri alizoachiwa na marehemu ami yake, ana sidii zimejaa kabati zima, na sebuleni kabandika ukutani orodha ya albamu bora 500 za dunia, ile ya jarida la Rolling Stone la Marekani. Kila albamu anayoisikiliza mpaka mwisho anaitia alama kwa kalamu nyekundu. Wenziwe wakija jioni, mazungumzo yao ni hayo: hii imeonewa, ile imepewa zaidi ya haki yake, wanabishana mpaka kahawa inapoa.

Mie nimekulia kwenye kanda. Mama yangu ni mshonaji. Cherehani chake kilikuwa ukumbini, redio pembeni juu ya kigoda, na kutwa ilikuwa ni taarabu ya rusha roho. Kanda aliyoipenda kuliko zote iliwahi kuliwa na redio, utepe ukakatika, akauunga kwa rangi ya kucha. Tangu hapo katika ubeti wa tatu pakawa panaruka neno moja. Nilizoea hivyo hivyo, hata leo nikiusikia wimbo huo kwenye simu, na neno lenyewe lipo, nashtuka.

Baada ya Idi walikuja marafiki zake wanne. Nilipopeleka kahawa na kashata mmoja akaniuliza kwa uzuri tu, "Na wewe shemeji, albamu yako bora ni ipi?" Nikajibu kwa furaha, nikaitaja ile ya mama. Wakatazamana, kisha wakacheka. Mmoja akasema huo ni muziki wa daladala. Mume wangu naye akacheka, akasema, "Mstahamilini, katoka shamba huyo." Nikachukua sinia nikarudi jikoni.

Tangu siku ile nasikiliza kwa hedifoni huku nakuna nazi, na nikisikia vespa yake inaingia uchochoroni nazima. Nimejaribu pia kuihifadhi ile orodha, albamu 20 za mwanzo nazijua kwa nambari na majina ya waimbaji, kama zamani skuli tukihifadhi mito na milima. Nyengine nimezisikiliza, na zipo nilizozipenda wallahi, lakini nyengine zimenishinda kufika nusu.

Sasa mwezi ujao anakuja binamu yake kutoka Muscat, mtoto wa yule ami mwenye santuri, naye ni mtu wa muziki sana. Juzi mume wangu kaniambia, tena kwa upole, "Akikuuliza, sema tu wewe husikilizi muziki." Nikaitikia, lakini usiku sikulala.

Shangazi, je, kweli masikio yangu ni mabovu? Kuna albamu ambayo mtu mwenye akili anapaswa kuiona bora, na mie nimeshindwa kuiona? Na huyo mgeni nimjibu nini?

Mtoto wa Mshonaji, Kikwajuni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Nianze na lile lililokukosesha usingizi, maana ndilo zito. Mumeo amekutaka useme uongo ndani ya nyumba yako, juu ya kitu unachokipenda tangu utoto, ili yeye asione haya mbele ya mgeni. Upole wa sauti haubadilishi alichokitaka. Mwanamke anayezima simu akisikia vespa ya mumewe amekwisha kuanza kuishi kwa kujificha, na leo ni wimbo, kesho litakuwa jengine. Usikubali. Wala sikuambii umgombeze, nasema tu usiliitikie jambo hilo mara ya pili.

Nenda ukazungumze naye, wageni wasiwepo, wala isiwe wakati anasikiliza muziki wake. Mwambie kwa maneno machache: siku ile wenzako waliponicheka ulicheka nao, ukanitaja kwa nilikotoka, nami nikaumia. Usianze na habari ya nani ana masikio mazuri, maana hapo atakuingiza kwenye ubishi anaouweza kuliko wewe, na utatoka umeshindwa kwa jambo ambalo hukulikusudia. Maumivu yako hayahitaji kushinda ubishi wowote ili awajibike nayo.

Sasa nije kwenye ile orodha, kwa sababu naona imekutisha kuliko inavyostahiki.

Rolling Stone waliitoa mara ya kwanza mwaka 2003. Waliwaomba wanamuziki, waandishi na watu wa biashara ya santuri wataje albamu wanazoziona bora, wakahesabu kura. Namba moja ikawa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, ya mwaka 1967. Mwaka 2012 wakaitengeneza upya kidogo, namba moja ikabaki ile ile. Mwaka 2020 wakapiga kura upya na wapigaji kura wengine, wengi wao vijana zaidi, na watu wa hip hop na soul wakiwa wengi kuliko zamani. Basi albamu hiyo ya The Beatles ikashuka mpaka nambari 24, na juu kabisa akakaa Marvin Gaye na What's Going On ya 1971. Albamu ya Lauryn Hill ya mwaka 1998, The Miseducation, ilikuwa nambari 314 katika orodha ya 2012. Katika ile ya 2020 ikawa ya 10. Mwaka 2024 Apple Music nao wakatoa orodha yao ya albamu 100, na hiyo hiyo ya Lauryn Hill wakaiweka ya kwanza.

Tazama hapo, mwanangu. Kutoka 314 mpaka 10, na katika ile albamu haikuongezwa hata nukta moja ya muziki. Sauti ni ile ile, ngoma ni zile zile. Waliobadilika ni watu walioulizwa. Kwa hiyo karatasi iliyopo sebuleni kwako inakueleza habari za waliopiga kura: umri wao, miji yao, muziki uliochezwa kwao walipokuwa wadogo. Habari hizo zina faida, na mimi mwenyewe nimepata kuijua miziki mingi mizuri kwa orodha kama hizo, basi usiibandue wala usiidharau. Lakini si mizani ya kukupima wewe, na hakuna hata mmoja katika waliopiga kura aliyekusudia hivyo.

Kuna jambo jengine ambalo mumeo, kwa kuwa anapenda santuri, atalifurahia mkilizungumza. Albamu yenyewe kama kipimo ina historia yake. Santuri ndefu, ile ya kuzunguka mara 33 na kitu kwa dakika, ilitoka Marekani mwaka 1948. Upande mmoja uliweza kubeba dakika 20 na zaidi, na polepole wanamuziki wa huko wakaanza kuzipanga nyimbo za santuri moja kama kazi moja, yenye mwanzo na mwisho. Ndiyo maana miaka ya 1960 na 1970 imejaa tele kwenye orodha hizo, ndiyo iliyokuwa enzi ya umbo hilo.

Sasa mtazame Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu. Alizaliwa Fumba, mwaka 1928 akenda Bombay na wenziwe kurekodi, na santuri za wakati huo upande mmoja haukuzidi sana dakika tatu. Alifariki mwaka 1950, santuri ndefu ina miaka miwili tu tangu itoke. Siti hakuwahi kutoa albamu hata moja maishani mwake. Ukiipima Zanzibar kwa albamu bora, mtu mkubwa kuliko wote katika muziki wetu hana hata pa kuingilia. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na kwa miongo mingi kazi yake ilikuwa ya ukumbini: bashrafu kwanza (ala tupu bila kuimba), udi, kanuni, fidla na nai vikijibizana, kisha mwimbaji, kisha akina mama wanainuka mmoja mmoja kutunza, na ubeti uliowagusa unarudiwa mpaka roho zikinaike. Wimbo ule ule leo unachukua muda huu na wiki ijayo muda mwengine, kwa kufuata waliokaa ukumbini. Utauingiza vipi kwenye nambari ya 1 mpaka 500? Hata Bi Kidude, aliyeimba tangu ujanani na kufariki Aprili 2013, dunia ya sidii ilimjua akiwa ameshazeeka. Katika albamu 500 za jarida lile hakuna taarabu, na kutokuwepo kwake hakusemi lolote juu ya ubora wake. Mzaliwa wa Mji Mkongwe yupo, Freddie Mercury, lakini yupo na Queen, kwa muziki alioufanyia Uingereza.

Umeniuliza kama kuna kitu ambacho mtu mwenye akili anapaswa kukiona bora. Nitakujibu kwa ukweli, kwa sababu sipendi lile jibu la haraka kwamba kila mtu na lake, yakaisha. Ustadi upo, na unaweza kuonekana. Kuna utunzi mzito na mwepesi, kuna mpigaji anayejua kunyamaza na asiyejua. Mimi napenda taarabu asilia kuliko rusha roho, na nina sababu: katika nyimbo nyingi za kisasa kinanda cha umeme kimekalia kiti cha fidla, kanuni na kodiani kwa pamoja, na sauti zinakosa yale mabonde na vilima. Tena maneno ya baadhi yao yameacha mafumbo, wamebakia kutukanana waziwazi. Hayo nayasema na nitayasimamia. Lakini kupenda na kuhukumu ni kazi mbili. Unaweza kukiri kwamba kitu ni cha ustadi mkubwa na bado kisikuguse, na unaweza kuipenda kanda ya kawaida kwa mapenzi ya maisha yako yote bila kumdanganya mtu. Zile albamu zilizokushinda nusu hazikukushinda kwa ujinga. Zinatoka kwenye lugha, ngoma na magomvi ya watu wengine, na sikio linahitaji muda. Pengine utazipenda baada ya mwaka, pengine hutazipenda abadani.

Tena rusha roho nayo ina ustadi wake, na nina hakika hujafundishwa kuusema. Keti na ile kanda ya mama ukiwa na kalamu. Hesabu mizani za kila kipande cha mstari, utakuta mara nyingi ni nane kwa nane. Sikiliza vina vya kati na vya mwisho, uone kama mtunzi kavishika mpaka mwisho au kachoka njiani. Ubeti mara nyingi ni mistari mitatu. Angalia wa tatu unavyobeba mwiba ambao miwili ya mwanzo imeuficha. Kisha usikilize mwimbaji anavyochelewa. Waimbaji wazuri wa taarabu hawaingii pale kinanda kinapowangojea, wanakiacha kipite kidogo, halafu wanaingia, na hapo ndipo ukumbini vigelegele vinapopigwa. Ukiweza kumuonyesha mtu mahali hapo kwa kidole, hatoweza kukucheka tena, na kama atacheka, atakuwa anacheka asichokisikia.

Na kucheka kwao, hebu tukutazame. Hawakusema "mpigaji huyu ni dhaifu" au "utunzi huu mwepesi". Walisema muziki wa daladala, na mumeo akasema katoka shamba. Hapo muziki ulikwisha kutoka kwenye mazungumzo. Siti naye alitungiwa wimbo wa kumcheka kwamba ametoka shamba na kaniki, na kwamba kama si sauti asingekuwa na cha kula. Taarabu ilikuwa mambo ya kasri na mabwana, ikiimbwa Kiarabu; yeye akaiimba Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji, wakaipata. Alijibu kwa wimbo, na alijibu juu ya akili na utu, akaacha habari ya nani mzuri na nani ana jadi kubwa. Mumeo bila shaka anamheshimu Siti. Mkumbushe kwamba waliomcheka walitumia neno lile lile alilolitumia yeye kwa mkewe.

Nakuomba ujiepushe na jambo moja, na nalijua kwa sababu ndivyo wanawake wa hapa tulivyolelewa. Usimjibu kwa kanda. Usimtegee arudi kazini ukamfungulia wimbo wa kijembe kwa sauti mpaka jirani asikie, wala usimvalie kanga yenye jina la kumchoma. Utaburudika jioni moja, naye atapata ushahidi kwamba muziki wako ni wa ugomvi tu. Uache ubaki kitu unachokipenda.

Badala yake muulize swali ambalo huenda hajaulizwa: santuri za ami yake alizisikia mara ya kwanza wapi? Nadhani atakwambia habari za chumba fulani, za mchana fulani, za ami mwenyewe akiipangusa santuri kwa kitambaa kabla ya kuiweka sindano. Hakuna anayeanza kupenda muziki kwa orodha. Alianza kwa mtu anayempenda, kama wewe ulivyoanza kwa mama yako na cherehani chake, na orodha ikaja baadaye. Mwache aseme yote, usimkatize. Kisha mwambie habari ya ile rangi ya kucha, maana umeniandikia mimi na sijui kama yeye umewahi kumwambia.

Mkipatana, wekeni usiku mmoja katika wiki. Yeye achague upande mmoja wa santuri, wewe uchague upande mmoja wa kanda au nyimbo mbili za simu, na zisikilizwe mpaka mwisho, simu zikiwa chumbani. Mwisho kila mmoja aseme mahali pamoja palipomgusa na mahali pamoja palipomchosha, nambari zisitajwe. Na mkipata nafasi, nendeni ukumbini pamoja. Mumeo anajua santuri, lakini sijui lini mara ya mwisho alikaa mbele ya kanuni inayopigwa na mtu. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na likifanyika Ngome Kongwe, ni karibu na kwenu kwa miguu.

Kuhifadhi zile albamu 20 kuache. Isikilize moja kwa kuwa jina limekuvutia, iache ile isiyokuita. Uliniandikia kwamba zipo ulizozipenda wallahi. Hizo mwambie mumeo ni zipi, na kwa nini. Haki hiyo anayo, ajue kwamba ulimfuata katika mambo yake wakati yeye hakukufuata katika yako.

Kwa mgeni wa Muscat, usiseme husikilizi muziki. Akikuuliza, taja kanda yako kwa jina lake, mwambie ni ya mama yako, na mwambie mahali mwimbaji anapochelewa kuingia. Huyo mgeni amelelewa na baba mwenye santuri zile, na mtu wa namna hiyo mara nyingi atakwambia, "Hebu iweke tuisikie." Mumeo ajue kabla ya siku hiyo kwamba ndivyo utakavyojibu, umwambie mwenyewe, usimshitukize mbele ya ndugu yake. Na ile hedifoni iweke kabatini. Jikoni kwako nazi ikunwe na redio ikisikika.

Shangazi